Ukumbi wa Kufumia

Mohoro,
4 Oktoba 1996

Mwanangu Nusaiba,

Asalaam aleikum. Hujambo na masomo? Shangazi yako je? Sisi huku wazima, ila mguu wa mjomba wako Twalha umevimba tena.

Nimefurahi kusikia Mwalimu Nicolaus atawapeleka kukiona kiwanda chetu cha nguo. Basi niangalizie jambo moja. Walipotupunguza kazi walisema akipatikana mwekezaji tutaitwa. Sasa mjomba anataka jibu kabla ya mvua: nilichukue shamba la mpunga la marehemu babu yako, ama ampe Mwinjuma. Naogopa nikishika jembe tu, nitaitwa. Tazama kama mashine bado zipo.

Mama yako,
Mwanamkuu

Dar es Salaam,
19 Oktoba 1996

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, shangazi anakusalimu. Mpe pole mjomba.

Tulikwenda jana asubuhi. Jengo ni lilelile, na paa lake lenye meno kama msumeno. Nilikumbuka nilipokuwa nakungoja getini, ukatoka na pamba nyweleni, nikakuuliza mbona umezeeka tangu asubuhi. Mwalimu alipokuwa akieleza historia ya kiwanda nilijibanza nyuma, lakini Petronila wa darasani kwetu akanisukuma mbele. "Mwalimu, huyu ni mtoto wa humu humu."

Wote wakageuka. Mlinzi, Mzee Sharifu, akauliza kutoka mlangoni, "Mtoto wa nani?" Tulikuwa katikati ya ukumbi wa kufumia. Nikanong'ona, "Wa Mwanamkuu." Akacheka sana. "Yule aliyetutania sote! Mwambie namsalimu." Juu ya paa njiwa walikuwa wanalia.

Vumbi lilikuwa jingi, sikuona kila kitu vizuri. Usiwe na haraka ya kumjibu mjomba.

Mwanao,
Nusaiba

Mohoro,
9 Novemba 1996

Mwanangu Nusaiba,

Salamu nyingi. Mguu wa mjomba umepoa, sasa ulimi ndio unaomsumbua.

Nilimsomea barua yako, akasema, "Haya, mtoto kasema usiwe na haraka." Nikamwambia, kaka, wewe huujui ukumbi ule. Miaka yote mimi na mfumaji mwenzangu Johari tulisimama bega kwa bega na hatukusikiana. Tulisema kwa mikono: kiganja tumboni, njaa, kidole sikioni, msimamizi huyo anakuja. Nikirudi nyumbani nilipiga kelele hata nikiomba chumvi, marehemu baba yako akaniambia, "Mke wangu, mimi si mashine." Na hata zikizimwa, mashine zile na pamba yake humeza sauti.

Sasa wewe, ambaye darasani dawati la pili hawakusikii, umenong'ona katikati ya ukumbi na Sharifu akakusikia mlangoni. Basi ukumbi ni mtupu. Ulinificha kwa kunihurumia, nami sikukasirikii. Nililia kidogo. Nilikuwa naipenda kelele ile.

Juzi nimeanza kufyeka shamba. Mwinjuma analima jirani yangu, na kila akitaka kunisemesha anapaza sauti kama mtu aliye ng'ambo ya mto, kwa vile wote hapa wanajua mimi ni mtu wa kiwandani, nao hudhani kelele imeniziba masikio. Jana nikamwambia, "Sema taratibu tu, ndugu yangu. Nakusikia."

Mama yako,
Mwanamkuu