Mtani Aliyenijibu kwa Adabu

Kilwa Kivinje,
Nyuma ya soko la samaki,
Alhamisi, 19 Juni 2025.

Mpendwa mke mwenzangu Maimuna,

Marahaba. Naitikia shikamoo ambayo hujanipa, maana nikiingoja nitaiitikia nikiwa nimeshalala ubavu. Mwaka wa pili huu hujakanyaga Kivinje. Mtoto wa jirani yuko Uarabuni na kila Idi anaonekana hapa akigawa haluwa. Wewe uko Mwanza, nchi hii hii, hata nauli yake unaijua, lakini umeshindwa kuonekana. Nimekasirika. Nimeliandika hilo mwanzo usije ukasema bibi hakukwambia.

Haya, u hali gani mwanangu? Kile kifua kimepoa? Mumeo Abdulatifu hajambo? Na yule mdogo bado anakula udongo? Mpe ubuyu, ataacha. Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto ndilo linaloniamulia siku hizi niende wapi nisiende wapi. Presha wanasema ninayo, mimi mwenyewe sijaiona. Mume wetu yupo barazani na redio yake, kila kituo cha muziki ananiuliza naandika nini. Nimemwambia nakushitakia tabia zake. Ameongeza sauti ya redio, anajua anazo.

Utashangaa kupata karatasi. Bibi ana simu, simu uliyomnunulia wewe, sasa ya nini kuchafua mikono? Shule unajua sikuingia hata kuchungulia dirishani. Hizi herufi ni za kisomo cha jioni, nilizipata mama yako akiwa mgongoni, na zimekaa kombo vilevile zilivyokaa siku ile. Ndiyo maana nazipenda. Ukiziona unajua ni Somoe. Kwenye simu herufi za watu wote zinafanana, na hilo ndilo lililoniondolea raha miezi miwili mizima.

Kundi letu la wasapu unalikumbuka, Bado Tupo, si wewe uliyeniingiza? Tumebaki tisa. Kazi yetu ni ileile. Mtu akishaswali alfajiri, au akishasali kwa wale wa msalaba, anashika simu anasema, “Nipo.” Kisha ndiyo tunaanza ya kwetu: nani kapika nini, nani kaota nini, mvua imenyesha Rondo au imetudanganya tena, mbaazi za nani zimeliwa na ngedere. Asiyesema “nipo” mpaka adhuhuri anapigiwa. Na sisi hatuandiki, tunasema. Kuandika kwa macho haya ni adhabu.

Sasa Kijakazi. Mtani wangu wa Somanga, yule Mmatumbi aliyekuja kwenye harusi yako akamwambia bwana harusi akimbie mapema. Tumefundishwa kuandika kwenye benchi moja, mimi na yeye, na mwalimu alituhamisha kila mmoja upande wake kwa sababu ya kelele. Sauti yake kila asubuhi ilikuwa inanitukana kabla sijanywa chai. Ataanza, “Nipo, na wewe Mmwera mwenye miguu kama mipini ya jembe, unangoja nini kufa? Sanda yako nimeshaipiga pasi, inajikunja tena.” Nami namjibu kuwa kaburi lake limechimbwa fupi, kwa hiyo azidi kupungua. Nyuma yake unasikia kuku, unasikia mwiko unagonga chungu. Hapo siku yangu imeanza.

Siku chache baada ya Idi ndogo, sauti ikakatika. Yakaja maandishi.

“Nipo. Habari za asubuhi, ndugu zangu.”

Nilimwita mume wetu anisomee, nikidhani macho yamenidanganya. Yalikuwa hayo hayo, na alama ya koma ndani yake. Maimuna, tangu lini Kijakazi akaijua koma? Mwalimu alimfundisha mwaka mzima, akaishia kulia yeye mwalimu.

Nikampigia. Ikaita, ikakatwa. Yakaja maandishi: yuko msibani, hawezi kuongea. Sawa, kufa watu wanakufa. Kesho yake nikapiga, yuko shamba Kikole. Shamba gani? Kijakazi ana goti baya kuliko langu, hiyo Kikole ameikodisha tangu marehemu mumewe yupo. Kesho kutwa yuko kwenye gari. Gari linakwenda wapi, halisemi. Nikaanza kuhesabu uongo kwenye vidole, mkono wa kwanza ukajaa.

Kundini nikasema wazi kwamba huyu si Kijakazi. Wakanicheka. Shamte, mzee wetu wa kahawa hapa Kivinje, akasema simu imeibiwa, tukae chonjo, sasa hivi ataomba tumtumie hela kwenye namba ya mtu mwingine. Tukangoja. Hakuomba. Kila siku “nipo”, kila siku “habari za asubuhi”. Shamte akasema basi ndiye mwenyewe, kwa nini mwizi akae bure. Mimi hapo ndipo nilipozidi kuogopa. Mwizi ninamjua anataka nini. Anayeiba jina la mtu halafu hataki kitu, huyo simjui.

Nikamtega. Nikauliza leo kapika nini. Akasema wali na maharage. Kijakazi hajawahi kutaja chakula chake bila kutaja changu, kwamba mimi napika kisamvu kigumu mpaka mbuzi anarudisha. Nikasema goti langu limeniua leo. Akasema, “Pole sana, kunywa maji mengi.” Maji mengi! Kijakazi angesema goti limechoka kubeba uongo.

Fortunata wa Rondo akanipigia pembeni. Yule unamjua, rafiki yetu wa kanisani, roho safi mpaka inaudhi.

“Somoe,” akasema, “mwache mwenzio. Watu wakizeeka wanatulia.”

“Wewe umetulia?”

“Mimi nilizaliwa nimetulia.”

“Basi hujui kitu. Mmatumbi hatulii, anazimwa.”

“Umekuwa polisi sasa. Umezeeka vibaya, dada.”

Nikamkatia simu. Nilijitoa kundini siku mbili kwa hasira, Shamte akanirudisha, nikarudi kama mwali, sisemi na mtu, nasikiliza tu. Na kila nilichosikiliza kilinuka. Idi ya kuchinja imepita, Kijakazi hakujisifia mbuzi. Shamte kaanguka na baiskeli mbele ya msikiti, Kijakazi hakucheka. Nikawa namwazia mambo mabaya, mengine siyaandiki. Nilimwazia mwanawe Shaaban kwamba amemzika mama yake kimyakimya na simu ameiacha hai. Mungu anisamehe, yule mtoto nimempakata.

Ijumaa iliyopita nikatoa la mwisho. Unajua utani wetu. Mtani akikutukana hujibu kwa heshima, ukijibu kwa heshima umemfukuza mlangoni. Hata msibani mtani anamcheka maiti, na wafiwa wanampa chakula. Basi nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi moja moja, mbele ya kundi zima: “Kijakazi, sanda yako imeliwa na mende kwa kukungoja. Unakufa lini, mbona unatuchelewesha na pilau?”

Fortunata akaweka kile kikatuni kinachofunika macho.

Baada ya kitambo likaja jibu. “Asante sana, Mungu akubariki, uwe na siku njema.” Na waridi mbili, nyekundu.

Nilikaa chini. Mtu mgeni asiyejua utani angekasirika, angenitukana kweli au angenifungia. Huyu hakukasirika. Huyu alijua nataka nini na akakataa kunipa. Nikamwambia mume wetu, kesho naenda Somanga. Akasema na goti hilo? Nikasema nalichukua nalo.

Jumamosi nikafika saa nne. Unalijua lile banda lao kando ya barabara kuu, mkwe wake Zuhura, mke wa Shaaban, anapokaangia samaki kwa abiria wa mabasi. Aliponiona, upawa ulimtoka mkononi. Hakusema karibu. Alichukua simu iliyokuwa kwenye ndoo ya unga akaisokomeza kwenye upindo wa kanga. Simu yenyewe naijua, ina kioo kilichopasuka.

“Shikamoo mama,” akasema.

“Marahaba. Nitolee mtani wangu. Akiwa hai nitolee hai, akiwa chini nionyeshe pa kukaa.”

Akaanza kulia palepale, samaki wanaungua. Wateja wakageuka. Sikumbembeleza, nilipita uani.

Yupo. Kalazwa kwenye kitanda cha kamba chini ya paa la makuti, uso wa upande mmoja umeshuka kama kanga iliyoponyoka, mkono wa kulia umekaa tu. Amepooza, Maimuna. Siku ya nne baada ya Idi aliamka anataka kusema “nipo” kwenye simu, ulimi ukakataa. Walimpeleka hospitali, amerudi, anafanyishwa mazoezi, lakini neno hakuna. Kijakazi, mwenye mdomo ule!

Zuhura akanieleza, huku anajifuta. Mama mkwe wake aliona watu wanapiga na kupiga, akaonyesha simu kwa mkono wa kushoto, akaonyesha kinywa chake, akatikisa kichwa mpaka machozi. Hataki tujue. Tukijua tutakuja na pole zetu, tutakaa kwenye mkeka tukimtazama kwa huruma, na yeye hana cha kutujibia. Akamfanya mkwe wake aandike “nipo” kila asubuhi, anamsimamia kwa macho. Na uongo wote ule wa Kikole na gari ni Zuhura anautunga mwenyewe huku mafuta yanachemka.

Nikamwuliza, “Na yale maua? Miaka kumi na nane umo ndani ya nyumba hii, unatusikia. Maneno ya kunijibu hukuyajua?”

“Nayajua yote, mama.” Akainama. “Lakini wewe ni mama mkwe wangu wa pili. Niandike miguu yako kama mipini ya jembe? Mkono ulikataa. Mama alinipiga kwa mto, akitaka niandike. Nikashindwa.”

Basi ndiyo hivyo. Adabu yake ndiyo iliyomchongea. Mtoto mzuri yule, sikumwambia.

Nikasimama mbele ya kitanda. Kijakazi ananitazama kwa yale macho yake, na nikaona anachongoja. Anangoja pole. Anangoja nianze kulia, ili naye ajue kwamba imekwisha, kwamba amekuwa mgonjwa wa watu. Sikumpa hilo.

Nikamwambia, “Nimekuja na kamba ya kupimia kaburi, kumbe bado umejaza kitanda. Na uso umeupinda upande, unadhani ndiyo utapata mume mwingine?”

Zuhura akafunika mdomo kwa kanga.

Mkono wa kushoto wa Kijakazi ukatambaa ukingoni mwa kitanda, ukashuka, ukapapasa, ukaja na kandambili. Akanitupia. Ikanipata shavuni, Maimuna, shavuni kabisa, na upande wa uso ulio mzima ukacheka mpaka mate yakamtoka. Hapo ndipo nilipojua ni yeye. Hapo ndipo nilipolia, na yeye akanicheka zaidi.

Sasa tumepanga. Kila alfajiri Zuhura anawasha ile ya kurekodi sauti, anaiweka kando ya kitanda, na Kijakazi anagonga fremu ya kitanda kwa kikombe cha bati. Mara tatu ni “nipo”. Mara nyingi kwa fujo ni kunijibu mimi. Kundini tumewaambia wote, kwa idhini yake, na kwa sharti lake: atakayetuma maua anatolewa. Fortunata alitubu kwa sauti ndefu, kisha akamtukana Kijakazi, tusi la kwanza katika maisha yake, akamwambia ni kibuyu. Kikombe kiligonga mpaka kuku wakaruka.

Haya, sasa nakuja kwako. Usidhani nimekusahau.

Tangu Mfungo Mosi, ule mwezi wa Idi ndogo, sijasikia sauti yako. Wewe ulikuwa ukinipigia unaniambia nimechakaa, nikuachie mume. Siku hizi naletewa maandishi. “Asante bibi.” “Mungu akubariki bibi.” Na wiki iliyopita, waridi. Nikipiga, uko kazini. Nikipiga tena, mtandao. Mke mwenza gani huyu mwenye adabu namna hii? Nimeshahesabu vidole, nimefika mkono wa pili. Sikuulizi una nini. Nakwambia tu kwamba najua kuna kitu, na kwamba hakuna kitu utakachoniletea nikashindwa kukitukana mpaka kipungue. Nijibu kwa karatasi, kwa herufi zako mwenyewe, nizione zimetetemeka au hazikutetemeka.

Msalimie Abdulatifu, mwambie namwangalia. Wabusu watoto. Shamte anakusalimu, kidonda cha baiskeli kimepona, majivuno hayajapona. Zuhura anasema shikamoo dada. Mume wetu anasema urudi, mimi namchosha. Mola akufunike kwa rehema zake, akutoe kwenye kila lililokubana, akulinde barabarani na nyumbani, amina.

Na ukija, maana utakuja kabla mwezi ujao wa kiislamu haujaisha, usipitilize moja kwa moja kwangu. Shuka Somanga. Usinunue matunda, usivae uso wa hospitali, neno pole liache Mwanza. Ingia uani kwa Kijakazi, simama mbele ya kitanda, umtukane kwa sauti yako kubwa ile ile. Kisha usikwepe kandambili.

Ni mimi, mke mwenzio ambaye mume hakuachii na wewe hakuachi,

Bibi Somoe binti Likwata