Hadithi Iliyokausha Migomba

Mjukuu wangu Neema,

Salamu zako kutoka Japani zimefika. Huku Akheri mvua imegoma, na babu yako bado anakohoa.

Unauliza ilikuwaje wasomi wa huko wakaigeuza hadithi ya mfalme mzao wa jua kuwa historia, hata vijana wakaifia vitani. Sijui ya Japani. Najua ya mfereji wetu.

Nikiwa msichana, Bibi Ndeshi, jirani wa ukoo mwingine, alitusimulia jinsi babu wa kale wa ukoo wetu alivyoburuta fimbo kutoka mlimani, maji yakamfuata, ukawa mfereji. Ukame ulipokuja, baba akaitoa hadithi hiyohiyo kwenye kikao cha kijiji cha kugawana maji kuwa ushahidi: maji ni yetu peke yetu. Migomba ya Bibi Ndeshi ikakauka, akahama.

Siku anaondoka nilimwomba anisimulie tena.

“Mwombe baba yako,” akasema. “Sasa ni yake.”

Bibi yako