Jalada la Ng'ambo ya Barabara

Mdogo wangu,

Hatujambo. Goti langu limepona na duka nimelipaka rangi. Barua yako nimeisoma, nikacheka peke yangu.

Eti nimshitaki wifi, mke uliyemwacha, kwa kuwa ananakili diski zetu na kuziuza ng'ambo ya barabara! Umesahau tunauza nini? Ile programu ya kuandikia hatukuitunga sisi. Wenyewe wameitoa bure, na leseni yao inamruhusu yeyote kuinakili, kuigawa, hata kuiuza. Mteja anatulipa kazi ya kuiweka kwenye diski, basi. Ule mhuri wako wa "Marufuku Kunakili" uliougonga kwenye kila diski kabla hujaondoka, nimeukwangua wote kwa wembe. Hatukuwa na haki ya kumkataza mtu.

Chetu ni picha ya jalada la diski tu. Kwa hiyo nilivuka barabara nikakague kama ameiiga. Wifi ana jalada lake: msichana yuko mbele ya kompyuta, na kwenye skrini kuna neno moja, "Baba", kisha peupe.

"Nani kachora?"

"Mwanao huyo, wifi," akanijibu, akimwonyesha binti yako.

Nikamwomba binti nakala moja ya picha nikutumie. Akatikisa kichwa.

"Programu mpelekee, shangazi, hiyo ni ya watu wote. Picha ni yangu. Baba akiitaka, aje aniombe mwenyewe."

Nimeitafuta sheria ya kumpinga, sijaiona.

Dada yako, bado nipo dukani.