Saa Mbili Ulizoandika

Kaka,

Kitabu chako cha njia za mlimani kimefika. Picha za kisiwa ni nzuri. Mbuzi wetu katokea vizuri kuliko Baba. Hapa nyumbani, paa la jikoni halivuji tena.

Njia ya kwenda kwenye kreta, lile shimo la kileleni, umeisifu: "Saa mbili tu kufika juu, hata kwa watoto." Hukuipanda. Ulikaa barazani ukamuuliza Baba inachukua muda gani, akakujibu kama waongoza watalii wenzake wote wa hapa: akakutajia muda wa kushuka. Kupanda ni saa tano.

Mtu na mkewe, watalii wenye kitabu chako, walikuamini, wakaanza safari saa tisa alasiri. Ukungu ukawakuta juu. Baba akawafuata, akawatoa wazima, ila yeye aliteleza kwenye majivu ya volkano, akavunjika nyonga.

"Usimseme mwanangu," ananiambia. "Mimi ndiye sikumfafanulia."

Mwanawe ana mvi, bado anadekezwa.

Sahihisha ukurasa huo kabla hujachapa tena. Pole za simu kaa nazo.

Kutoka kitandani hadi mlangoni, Baba anatumia dakika ishirini. Hizo nimezipima mwenyewe, nikitembea naye.

Dada yako