Kinachogonga Ndani ya Tangi

Jumamosi, 4 Januari

Limeingia! Tangi limeingia sebuleni kwangu na hakuna aliyekatika kidole!

Watu saba wamelibeba — fundi vioo na watu wake wanne, na majirani wawili. Wa nane ni mume wangu, aliyekuwa anatoa maelekezo. Anafundisha watu kuendesha gari, dunia nzima inamwita Mwalimu, hata mimi. Kila pembe ya kioo ilipokaribia mlango, mguu wake wa kulia ulikuwa unakandamiza zulia. Breki! "Kata kushoto! Kata tena! Haya nyoosha!" Fundi vioo akamwambia, mzee, hili halina usukani.

Mita mbili na nusu. Lita mia tisa. Kochi kubwa limehamia kwenye korido, tunapita kiubavuubavu. Mama — mama mkwe wangu, anaishi nasi mwaka wa tatu sasa — amesogeza kiti chake mpaka kikagusana na stendi ya tangi. "Mmeniongezea dirisha," kasema.

Miaka kumi na moja nimelisubiri hili. Tangu siku ile kwenye kliniki ya meno nilipokaa mbele ya tangi lenye matumbawe mpaka nikaitwa mara mbili nisisikie. Jino lilikuwa linauma na nimelisahau!

Jumapili, 5 Januari

Tumejaza maji ya bomba, kwa majaribio tu. Nimepitisha karatasi ya chooni kwenye viungio vyote, pembe zote nne. Kavu. Kavu! Kavu!!

Jumatano, 8 Januari

Siku ya chumvi. Mimi ni nesi wa mashine za figo: damu inatoka, inachujwa, inarudi. Maji safi hakuna wa kunifundisha. Lakini kazini maji yanaingia kwenye mashine, hapa ninatengeneza bahari! Gramu thelathini na tano kwa kila lita. Kilo thelathini na kitu za chumvi, nimekoroga kwenye mapipa kwa mpini wa ufagio, kijasho chembamba. Mizani ya jikoni haikutosha, nimepimia makopo, nimemwaga vitu vyote vya kabatini.

Mwalimu karudi, kanikuta nimeloa mpaka magotini. "Unapika nini?"

"Bahari."

Mama kachovya kidole, kaonja, kafumba macho. "Imekolea."

Jumamosi, 18 Januari

Mawe! Yamekuja kwenye maboksi, yamefungwa magazeti mabichi, yananuka vibaya. Kayaleta muuza samaki wa mapambo, ninayemwita Kapteni kwa sababu ya kofia yake, ambayo nadhani huoga nayo. Anasema nisiyaone hivi, yako hai. Vijidudu, viminyoo, na vingine asivyovijua hata yeye. Kila jiwe ni bahati nasibu.

Nimepanga na kupangua tangu asubuhi mpaka saa kumi. Mapango matatu, daraja moja, na jiwe moja nyuma linalofanana kabisa na kiatu. Mwalimu kalitazama sana. "Hilo umeliegesha vibaya."

Kapteni kasema sasa ni kusubiri. Amonia itapanda, itashuka. Mwezi mzima. Bila samaki. Mwezi mzima wa kutazama mawe!

Jumanne, 21 Januari

Amonia imepanda. Matone manane kwenye kijichupa, tikisa, subiri — kijani kibichi! Nimefurahi kuona sumu. Nimekuwa mtu wa ajabu.

Tulipokuwa tunakula, Mama kasema kuna kitu kinagonga ndani ya tangi. Tumezima televisheni, tumetega masikio. Hakuna kitu. Mwalimu kamwambia ni pampu.

"Pampu inanung'unika," Mama kasema. "Huyu anagonga."

Jumapili, 2 Februari

Sitaki kuandika hili, lakini nitaandika.

Mama hajaacha. Kila tukirudi kazini: leo kagonga mara tatu. Leo mara moja. Leo kagonga kwa hasira. Mwalimu kaacha kucheka. Leo kanifuata jikoni, kasukuma mlango, kanong'ona. Mama anasikia vitu. Na mwezi uliopita funguo za gari zilikutwa ndani ya kopo la sukari, nakumbuka? Ameshaongea na dada yake. Wifi atakuja tarehe kumi na tano Machi, ampeleke kwa daktari wa wazee, halafu akae naye huko kwake moja kwa moja. Ana chumba, yuko nyumbani muda wote.

"Wewe ni nesi. Unaonaje?"

Nilikuwa naosha vijichupa vyangu vya kupimia. Nikasema, kwa umri ule, huwa inaanza hivyo. Nikasema kwa ile sauti yangu ya wodini, ya kuwatuliza ndugu wa mgonjwa.

Basi, kakubaliana na mimi. Tumekubaliana wawili, kwa dakika tano, tukamwamulia mtu wa tatu aliyekuwa anatazama mawe sebuleni.

Jumatatu, 17 Februari

SIFURI! Amonia sifuri! Nitriti sifuri! Kijichupa cha njano safi, nimekipeleka dirishani, nimekirudisha, nimekipeleka tena. Nimecheza kwenye korido, nimejigonga goti kwenye kochi, nimeendelea kucheza kwa mguu mmoja. Mama kanipigia makofi.

Jumamosi, 22 Februari

Samaki wawili! Wa rangi ya machungwa, mistari myeupe mitatu, wanaogelea kama wamelewa. Na konokono ishirini wa kusafisha vioo. Mfuko wa samaki umeelea juu ya maji nusu saa ili wazoee joto, na mimi nimesimama juu ya kiti nusu saa nzima kana kwamba nami nazoeshwa.

Mama kawaita Bwana Harusi na Bibi Harusi. Kapteni kasema yule mkubwa ndiye jike, na ndiye mkuu wa nyumba.

"Ndiyo maana wametulia," Mama kasema. Mwalimu kajifanya hajasikia.

Ijumaa, 28 Februari

Konokono kumi na watatu. Nimehesabu mara tatu. Wale saba hawako — kuna vipande vya magamba mchangani, vimevunjwavunjwa kama karanga.

Kapteni kwenye simu: wengine hufa kwa uchovu wa safari, magamba hugongwa na mkondo wa maji. Nimekubali. Nina haraka ya kukubali vitu siku hizi.

"Mimi nimeshasema," Mama kasema, na kurudia kutazama kioo. Mwalimu kanitazama juu ya kichwa cha Mama. Nikaangalia chini.

Jumapili, 9 Machi

MATUMBAWE!

Vipande saba. Yamefika yamejikunja, madogo, yana rangi ya masizi. Nimeyaweka kwenye mawe kwa koleo refu, mkono ndani ya maji mpaka kwapani. Halafu nimekaa. Saa nzima, hakuna. Saa ya pili, hakuna. Mama kaniletea maji ya kunywa kama mtu aliye kwenye foleni. Ilipofika saa tisa alasiri, kale ka kijani kakatoa kidole kimoja. Kimoja! Halafu cha pili. Halafu mkono mzima wa vidole vinavyopepea, na lile la zambarau likafunguka, na lile bapa likaumuka kama mkate. Nimelia. Nimecheka. Nimemkumbatia Mwalimu kwa mkono wenye maji ya chumvi, kalalamika shati lake, halafu kasahau kulalamika — naye katoa macho.

Wagonjwa wangu wote wataona picha, watake wasitake. Wamefungwa kwenye mashine kwa saa nne, watakimbilia wapi?

Alhamisi, 13 Machi

Leo sina zamu. Mwalimu kaondoka saa moja asubuhi. Ee Mungu wangu. Ngoja niandike kwa mpangilio.

Nimemkuta Mama na kalenda ya ukutani magotini. Nyuma yake kaandika kwa penseli, mistari na mistari: saa tatu na nusu, mara mbili. Saa tano, moja. Saa nane, tatu. Kurasa mbili zimejaa! Nimezisoma nikiwa nimesimama, halafu nimezisoma tena nikiwa nimekaa. Zote ni saa ambazo mimi na Mwalimu tuko kazini. Zote! Na kiti chake kimegusana na stendi, mbao inampitishia mlio mgongoni.

Mimi ni nesi. Kumbukumbu zilizoandikwa vizuri nazijua nikiziona. Na hizi zilikuwa nzuri kuliko za wodini kwetu.

Nimeenda kuchukua stethoskopu kwenye mkoba wa kazi. Nimepiga magoti, nimebandika kwenye kioo. Pampu. Maji. Pampu. "Shuka," Mama kasema. "Kulia kwako. Nyuma ya kile kiatu." Nimeshuka. Pampu. Maji.

TA!

Nimeruka, kichwa kimegonga kabati. Ta-ta!

Na nikamwona! Nyuma ya jiwe, kwenye kitundu kisichozidi kidole gumba — macho mawili juu ya vijiti, kila moja linatazama upande wake. Kijani, nyekundu, buluu, kama kitambaa cha sherehe. Kamba! Kamba wa baharini mwenye ngumi! Kamkumbatia konokono wangu, anamgeuzageuza, anampima, kavuta mkono nyuma — TA! Gamba limepasuka vipande viwili mbele ya macho yangu. Miezi miwili kakaa humo! Kaja na mawe!

Nimepiga kelele. Mama kapiga kelele. Nimemvisha stethoskopu masikioni. Kafumba macho, kasubiri. Akagonga. Uso wake wote ukafunguka.

"Huyu ndiye," kasema. Halafu, taratibu: "Nilikuwa nimeanza kujiogopa, mwanangu."

Tumecheka. Tumecheka mpaka nimelala sakafuni. Lakini nimelisikia neno lile, na bado nalisikia.

Kapteni naye kapiga kelele kwenye simu. Wale wakubwa hupasua vioo! Kasema nitege kwa chupa ya plastiki, shingo ikatwe, igeuzwe ndani, kipande cha chakula kiwekwe chini.

Jioni Mwalimu kabandika stethoskopu robo saa nzima, magoti chini, tai shingoni. Kagongewa mara moja. Kasimama, kajifuta uso. "Sawa. Kamba yupo." Kalegeza tai. "Lakini funguo kwenye sukari?"

Na hapo ndipo nimekumbuka. Siku ya chumvi. Makopo yote mezani, sukari imehamia kwenye bakuli, funguo mkononi mwangu, zinanisumbua, nikaziangusha kwenye kopo tupu, nikarudishia sukari juu yake.

Mimi. Si Mama. Mimi!

Sijamwambia Mwalimu. Kasema Wifi ameshachukua ruhusa, aje tu, tutaongea akifika.

Jumamosi, 15 Machi

Wifi kafika saa tatu, kavaa nguo ya safarini, gari kaliacha na pua imeelekea barabarani. Daktari saa tano. Sanduku la Mama lilikuwa limeshapangwa na Mwalimu, liko kwenye korido, juu ya kochi.

Mama hakulitazama. "Vua viatu," kamwambia Wifi. "Ukikanyaga kwa nguvu anaingia ndani."

Wifi kanikonyeza, jicho la huruma. Nikamwambia Wifi, tafadhali, vua. Nikamvisha stethoskopu. Basi kapiga goti mzaha mzaha, na nguo yake nzuri, anatabasamu kama mtu anayecheza na mtoto. Ta! Tabasamu likaondoka lenyewe.

Saa nne kasoro tulikuwa watatu sakafuni. Mwalimu ana tochi. Mimi nimeshika uzi wa mtego. Mama kitini anaamrisha. Macho mawili yametoka pangoni. Yamezunguka. Kaingia shingo ya chupa — "Usivute!" Mama kanong'ona. "Ngoja aonje." Mwalimu mguu wake unakandamiza breki. "Ngoja... ngoja... haya!"

Nikavuta! Maji kila mahali! Chupa imetoka na kamba ndani anapiga ngumi, ta-ta-ta-ta, Wifi kapanda juu ya meza, analia kwa kicheko, Mwalimu anapiga kelele za kushoto na kulia. Tumemtia kwenye ndoo. Mama kainama juu yake, kamtazama kwa muda mrefu. Kasema asiuawe, hana kosa, alikuwa na njaa tu. Anataka atengenezewe tangi dogo, chumbani kwake.

Wifi katazama saa. "Mama, saa tano tuko kwa daktari."

"Daktari wa nani?"

Mwalimu kanitazama mimi. Wifi kamtazama Mwalimu. Mama hakuwatazama hao. Kanigeukia, bado mashavu yamelowa kwa kicheko.

"Nesi wangu. Siku ile jikoni, mwanangu alipokuuliza, wewe ulimjibu nini?"

Nikasema ngoja niangalie chai.

Ndiyo maana niko hapa jikoni. Nimetoa daftari kwenye droo ya vijiko. Chai hakuna, hata gesi sijawasha. Sanduku bado liko juu ya kochi. Wifi anamuuliza Mwalimu chini kwa chini ni siku gani hiyo ya jikoni, na Mwalimu anasema hajui, anaijua sana. Lile la funguo nitaanza nalo, maana ni jepesi. Hapana. Lile zito kwanza. Ndala za Mama hizo kwenye korido, anapita ubavu, hana haraka.

Kafika mlangoni. Stethoskopu yangu iko masikioni mwake, kile kisahani kakinyoosha mbele, anakuja nacho mpaka kifuani pangu, anacheka, anasema haya mwanangu, sema, nasikili