Barua kwa Mama kabla ya kipimo cha Jumatano

Nyanga,
S.L.P. 1874,
Bukoba.
14 Desemba 2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Unaendeleaje huko Dar es Salaam? Unapata usingizi? Uji unashuka bila maumivu? Sisi ni wazima, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu uende kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Jana niliandaa sahani nne za ndizi, nikasahau kwamba tuko watatu.

Nimechelewa kuandika kwa sababu ya aibu. Senene waliokukwama tumboni niliwafungasha mimi. Mama mdogo Vestina alikuwa ameshatuambia kwenye simu kwamba daktari amekuruhusu vya kunywa na vya kupondwa tu. Lakini Bibi alisema, "Mtu wa kwetu akose senene wa kwanza wa msimu, kwani amekufa? Weka!" Nikawajaza panzi hao wa kukaanga kwenye kopo, nikakaza mfuniko. Nilijua hutakataa kitu kilichotoka nyumbani.

Mama mdogo ametueleza yote: ulivyotapika siku mbili, hata maji, na daktari alivyokupitishia mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, akawatoa wale senene bila kukupasua tena. Kamera hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba kovu limebana njia ya kutokea kwenye kile kifuko kidogo cha tumbo ulichobakiziwa, daktari akaitanua kidogo kwa puto. Bibi aliposikia alisema, "Kumbe senene wangu ndio waliompima." Baba alicheka. Mimi nililia.

Kipaimara changu ni Jumapili, tarehe 22. Kila ninapokariri katekisimu nakuona umekaa kanisani na kitenge chako cha bluu. Baba anasema umemwomba daktari akuruhusu kusafiri mara tu baada ya kipimo cha Jumatano, hata kama njia haijafunguka vizuri.

Mama, usifanye hivyo kwa ajili yangu. Puto likihitajika tena, hata mara tatu, baki huko. Nimeshamwambia Mchungaji kwamba Shangazi Evodia ndiye atakayesimama nami. Nilikwenda mwenyewe, hakuna aliyenituma. Siku hiyo nitakukosa sana, sitakudanganya. Lakini nakuhitaji miaka mingi, si Jumapili moja tu.

Baba na Bibi wanakusalimu. Nisalimie Mama mdogo na Mjomba Audax. Mungu aushike mkono wa daktari siku ya Jumatano, akutunze mpaka upone kabisa.

Wako akupendaye hata ukichelewa,
Esther Ishengoma