Sharubu Imekatika

Bibi Mshauri,

Mimi ni mzee wa miaka sabini na nane na bado nasikia panya akipita darini. Nimewazidi umri wenye nyumba wangu wawili, redio zangu zote za betri, kiwanda kilichotengeneza baiskeli yangu, na meno yangu karibu yote, na sasa nimeizidi umri hata tumbaku yangu, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kitu nisichokipenda, maana shule mimi niliipitia kama mtu anayepita dukani kuuliza bei. Naomba unisaidie, tena unisaidie kabla ya Jumamosi.

Kazi yangu ni fundi kufuli. Hakuna kufuli iliyowahi kunishinda, iwe ya geti, ya kabati au ya masanduku ya chuma ya watu wenye siri zao, na ukiuliza mtaa mzima watakwambia hivyo, na wasipokwambia ni wivu. Sasa mimi navuta kiko. Tangu ujana nimevuta tumbaku moja tu, ile ya kopo lenye picha ya bwana mwenye masharubu yaliyosokotwa ncha, sisi tunaiita Sharubu, maandishi yaliyoandikwa pale sijayasoma mpaka leo na sikuona haja, picha inatosha. Jani lake ni jeusi, limekaushwa kwa moshi, ukilisugua viganjani linanata kidogo, na harufu yake inakaa kwenye koti mpaka koti liishe. Hata masharubu yangu nimeyafuga kwa mfano wa yule bwana wa kwenye kopo, na wanaojua wanasema yangu ni mazuri zaidi.

Siku moja nikaenda dukani, mwenye duka akaniambia, "Mzee, Sharubu imekatika."

Nikamwambia, "Najua imekatika, nipe hiyohiyo. Nzima nitaikata kwa meno gani?"

"Mzee, imekatika! Haiji tena. Jani lenyewe halilimwi siku hizi, na kiwanda kimefungwa."

Nikashika kaunta. Nikachukua makopo yote yaliyobaki, nikayafungia kabatini kwa kufuli niliyoitengeneza mwenyewe, funguo mbili, mmoja wangu na mmoja wa Mama Watoto, kwa sababu mimi ni mtu wa haki.

Nikaanza kutafuta jani la kushika nafasi ya lile. Nikapasua sigara za dukani moja baada ya nyingine nikatia kwenye kiko, ni kama kuvuta gazeti. Mkwe wangu, mume wa binti yetu, akaniletea pakiti yenye harufu ya matunda, nikaivutia uani, nyuki wakanifuata mpaka ndani. Nikajaribu jani la mpapai, kiko kikazima chenyewe kwa aibu. Kuna muuza ugoro akaniapia kwamba ugoro wake ni jani lilelile, ila limesagwa, nikautia nikavuta pumzi moja ya nguvu, nikapiga chafya mpaka ufunguo wa mteja niliokuwa nauchonga ukapinda.

Basi nikarudi kwenye makopo yangu. Na hapa nikaona ajabu, Bibi Mshauri: kopo la mwisho haliishi. Navuta asubuhi, navuta mchana, navuta jioni, kopo limejaa. Nikajua ni ile akili yangu ya kubana matumizi. Tena lilizidi utamu, likawa laini kooni, na kikohozi kilichokuwa kimenikalia kifuani kama mgeni asiyeaga kikaondoka, nadhani kiliona mimi si wa kuchezea.

Nikalibeba kopo nikaenda nalo kwa kinyozi, ambako sisi wazee hukaa kwenye benchi kila Jumamosi. Fundi viatu, ambaye naye huvuta kiko na maisha yake yote ananionea gere, akasema, "Kopo gani hilo lisiloisha? Umeuziwa majani ya chai wewe."

Nikasimama. Nikasema mbele ya watu, "Siku nikivutishwa jani lisilo Sharubu nisilitambue, kinyozi ninyoe masharubu haya, la kulia na la kushoto, kwa wembe mkavu, na fundi viatu anishikie kioo!"

Kinyozi akasema, "Nimesikia, mzee." Benchi zima likasema limesikia.

Juzi nikarudi nyumbani mapema, kwa sababu mteja aliyeniita kuvunja kufuli aliuona ufunguo wake uvunguni nikiwa njiani. Nikamkuta Mama Watoto jikoni, ubao mbele yake, kisu mkononi, majani rundo, kikaango motoni, na pembeni yupo yule bwana wa masharubu, kifuniko kimeondolewa.

"Mama Watoto, unapika nini?"

Akajibu bila hata kugeuka, "Napika Sharubu."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema kopo hili ni tamu kuliko yote waliyowahi kutengeneza."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ungevuta?"

Nikachungulia kikaangoni. Nikamuuliza humo mna majani gani, akasema humo mna mambo yake. Ndipo nikamwambia asifikiri amenidanganya, ulimi wangu ulijua siku zote, ila ulikuwa unamstahi. Akaweka kisu chini.

"Basi ulimi wako uvute hiyo staha," akasema.

Akafungia kopo kabatini, akachukua funguo zote mbili. Akaniambia Jumamosi niende kwa kinyozi nikaseme mbele ya walewale kwamba tumbaku ninayojitapia ni ya mkono wake.

"Nikisema, nitanyolewa."

"Utanyolewa."

"Na nisiposema?"

"Nitakwenda kwa binti yangu na kikaango changu, nawe utabaki na masharubu yako mzungumze."

Na hatanii. Tangu siku hiyo akiniwekea chakula anasema "chakula hicho" huku anatazama dirisha. Nyumba imekuwa kubwa, Bibi Mshauri, naisikia saa ya ukutani kutoka uani. Kufuli ile naweza kuifungua kwa kijiti cha meno, lakini kopo likiisha itakuwaje? Nimejaribu kuchanganya mwenyewe, nimepata moshi wa kufukuza mbu.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Gazeti lako linafika mahali pengi. Tangaza kwamba yeyote mwenye jani jeusi lililokaushwa kwa moshi, linalonata viganjani, alilete kwangu, nitamtengenezea kufuli ambayo hata mimi itanisumbua kidogo. Nikilipata jani, sitakuwa na haja ya kusema neno kwa kinyozi, na masharubu yatabaki mahali pake.

Yote haya ni kweli tupu. Muulize kinyozi, muulize mwenye duka, hata fundi viatu na gere lake hawezi kukataa. Anayejua zaidi ya wote hao ni Mama Watoto, lakini huyo usimuulize kabla ya Jumamosi.

Ni mimi,
Fundi Kufuli

*

Mzee wangu Fundi Kufuli,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nikimwonea huruma mkeo.

Sitatangaza jani. Wewe hutafuti jani, baba yangu. Jani unalo, liko kabatini kwako, umelivuta na kulisifia mbele ya kadamnasi. Unachotafuta ni mtu mwingine wa kukuchanganyia, yeyote yule duniani, ili mradi asiwe Mama Watoto. Hebu jisomee sentensi hiyo kwa sauti uone inavyosikika.

Pole lakini, na pole hii ni ya kweli. Kitu ulichokizoea tangu ujana kikiondoka rafuni, mtu husimama pale kaunta akajiona na yeye anaondolewa. Hilo halichekeshi. Nadhani hata fundi viatu analijua, ndiyo maana kopo lako lisiloisha lilimuuma.

Sasa sikiliza. Kikohozi hakikukuogopa. Ninavyoona mimi, kila mkeo alipokaanga alipunguza tumbaku kidogo na kuongeza hayo "mambo yake" kidogo, polepole, mpaka kifua kikapata nafasi ya kupumua. Hata hivyo moshi ni moshi, kwa hiyo nenda kapimwe hicho kifua, wala usimpigie daktari hadithi. Na umewahi kujiuliza mwanamke asiyevuta aliijuaje ladha ya Sharubu mpaka akakupata wewe, bingwa wa mtaa? Hakuijua ladha. Aliijua harufu. Koti lako hilo nani analifua? Amelinusa miaka yote hiyo ya ndoa, akakaanga, akanusa, akamwaga, akakaanga tena, mpaka jiko likanuka kama wewe. Halafu wewe ukamwambia ulimi wako ulikuwa unamstahi! Ningekuwa mimi, kisu nisingekiweka chini upesi hivyo.

Fanya hivi. Jumamosi usiende peke yako, nenda naye. Mkifika, yeye akae kwenye benchi, wewe usimame. Useme maneno haya na usiongeze hata moja: "Tumbaku niliyoisifia aliitengeneza mke wangu, na mimi sikujua." Neno "lakini" liache nyumbani, na habari za ulimi pia. Wakicheka, waache. Kisha kaa kwenye kiti cha kinyozi mwenyewe, bila kuvutwa mkono.

Kinyozi, kama unasoma hapa, wembe mkavu nimeukataza. Tia povu la kutosha, huyo ni mzee. Fundi viatu, kioo shika, mzee alikutaja mwenyewe kwa kinywa chake, ila ukishike kimya.

Kufuli ya kabati usiiguse, na kopo usiliombe siku hiyo wala kesho yake. Akiamua kukupa, pokea kwa mikono miwili. Akiamua kwamba sasa basi, weka kiko chini, maana huyo amekijali kifua chako kabla yako.

Masharubu yataota. Nanyi mkifika nyumbani, mkeo atautazama huo mdomo wa juu ambao pengine hajauona tangu mlipooana, na atacheka. Usimkatize.

Mshauri wako